Rifu Itangulie, Skeli Ifuate

Mtu anaponunua gitaa la besi la kwanza, kitu cha pili kuingia mikononi mwake huwa ni karatasi. Ina mchoro wa shingo ya gitaa, mistari minne badala ya nyuzi nne, na vidoti vyeusi vya kuonyesha vidole vikae wapi. Juu pameandikwa: skeli ya bluzi. Mwanafunzi huambiwa avipande vidoti hivyo na kuvishuka, polepole kisha haraka, wiki baada ya wiki, na kwamba vidole vikishazoea, muziki wa roki utakuja wenyewe. Hauji. Anayepatikana mwishoni ni mtu mwenye vidole vyepesi asiyejua aseme nini navyo, kama mtoto aliyekaririshwa silabi zote na hajawahi kusimuliwa hadithi hata moja. Dai langu ni kwamba mpangilio huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Rifu za besi za roki ya zamani, ile ya miaka ya 1960 na 1970, ndizo zinazostahili kutangulia, tena kwa sikio, na skeli ije nyuma kulipa jina jambo ambalo vidole vimekwisha kulijua. Kwamba rifu zinafurahisha zaidi ni kweli, lakini hoja haisimami hapo. Inasimama kwenye namna muziki wenyewe ulivyozaliwa, na kwenye kitu ambacho karatasi ile haiwezi kukionyesha hata ikichorwa kwa wino wa rangi saba.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Rifu ni kipande kifupi cha muziki, mara nyingi cha sekunde chache tu, kinachorudiwa mpaka kinakuwa ndio wimbo wenyewe. Ukikiimba kwa mdomo uliofumbwa, aliye chumba cha pili anautambua wimbo kabla hujafika kwenye maneno. Besi, kwa kawaida, ina nyuzi nne zinazofungwa kwa sauti za E, A, D na G, oktava moja chini ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida. Uzi wake mnene kabisa ukipigwa bila kubanwa hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, chini kiasi kwamba unausikia kifuani sawa na masikioni. Kutoka uzi mmoja kwenda unaofuata ni umbali wa freti tano (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo), na umbali huo haubadiliki popote kwenye shingo. Tutaiona faida yake baadaye. Ama skeli ya bluzi, kwa aliyepitia kwaya ya kanisani haina fumbo. Chukua do re mi ya kawaida, lakini anzia kwenye la: imba la, do, re, mi, so, kisha rudi kwenye la ya juu. Hizo ni sauti tano. Fa na ti zimeachwa nje. Ya sita imejibana katikati ya re na mi, nusu toni kutoka kila upande, na mwalimu wa kwaya akiisikia atasimamisha mazoezi aulize nani amepotea. Tuiite hivyo hivyo, sauti iliyopotea, maana bila yake bluzi hubaki kama mchuzi uliosahauliwa chumvi.

Sasa, sauti hizi sita hazikutungwa na mtu mezani. W. C. Handy alikuwa mwanamuziki aliyesoma noti na kuongoza bendi, na ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1941, jinsi alivyokuwa akisubiri treni kwenye stesheni ya Tutwiler, jimbo la Mississippi, kama mwaka 1903, akamsikia mtu mweusi aliyevaa matambara akipiga gitaa huku akiburuza kisu juu ya nyuzi. Kisu hakijui freti. Kinateleza, na sauti inateleza nacho, ikipita mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Waimbaji wa mashambani walifanya vivyo hivyo kwa koo zao, hasa kwenye sauti ya tatu na ya saba, wakizishusha kidogo, wakizirudisha, wakiziacha zikining'inia. Handy alipoanza kuchapisha bluzi zake, "Memphis Blues" mwaka 1912 na "St. Louis Blues" mwaka 1914, ilimbidi aziandike kwa alama za muziki wa Kizungu ambazo hazina nafasi ya kuteleza. Akachagua alama zilizo karibu zaidi, akaishusha ya tatu kwa nusu toni, na ndivyo karatasi ilivyopata kitu cha kuonyesha. Skeli ya bluzi, kwa maneno mengine, ni makadirio. Ni wavu uliotupwa juu ya samaki waliokuwa wakiogelea zamani, na anayejifunza wavu pekee asidhani amejifunza samaki.

Kwa mpiga besi jambo hili lina utani wake. Leo Fender, fundi wa Fullerton, California, alipotoa besi ya umeme mwaka 1951 aliiita Precision, yaani usahihi, kwa kuwa freti zilimhakikishia mpigaji kwamba kila noti ingeangukia mahali pake, tofauti na besi kubwa ya kusimama ambayo shingo yake haina freti na humwachia sikio kazi yote. Chombo kilichojivunia usahihi ndicho kilichokuja kubeba muziki ambao utamu wake uko kwenye kutokuwa sahihi. Wapigaji wazuri walilijua hilo, ndiyo maana husukuma uzi pembeni kidogo au kutelezesha kidole kutoka freti moja hadi nyingine badala ya kuruka.

Njia ya kutoka Mississippi hadi roki ilipita Chicago, na pale Chicago alikuwepo Willie Dixon, mzaliwa wa Vicksburg wa mwaka 1915, mpiga besi ya kusimama na mtunzi katika kampuni ya santuri ya Chess. Wimbo wake "Hoochie Coochie Man", uliorekodiwa na Muddy Waters mwaka 1954, umejengwa juu ya rifu ya sauti chache mno: bendi nzima inaipiga, inanyamaza, mwimbaji anaijaza ile nafasi, bendi inaipiga tena. Santuri za namna hii zilivuka bahari zikaangukia mikononi mwa vijana wa Uingereza waliozisikiliza mpaka mifereji yake ikalika. Rolling Stones walichukua jina lao kwenye wimbo wa Muddy Waters. Led Zeppelin walichukua zaidi ya jina: Dixon alidai kwamba "Whole Lotta Love" ya mwaka 1969 ilitokana na wimbo wake, akafungua kesi mwaka 1985, na wakamalizana nje ya mahakama mwaka 1987. Ugomvi huo wa hakimiliki una makala yake, ila kuna neno dogo ndani yake linalotuhusu hapa. Kilichovuka bahari kikagombaniwa kilikuwa nyimbo. Skeli hakuna aliyeshitakiwa kwa kuiiba, kwa sababu skeli peke yake haijawahi kuwa mali ya mtu wala kumfanya mtu acheze.

Tutazame rifu moja kwa karibu. Jack Bruce, Mskoti aliyesomea selo katika chuo cha muziki mjini Glasgow kabla ya kuhamia bluzi na jazi, alikuwa mpiga besi wa kundi la Cream. Januari 1967 alikwenda kumsikiliza mpiga gitaa Jimi Hendrix katika ukumbi wa Saville Theatre, London, na aliporudi nyumbani akatunga rifu ya "Sunshine of Your Love", wimbo uliotoka baadaye mwaka huohuo katika albamu ya Disraeli Gears. Shika besi uweke kidole cha shahada kwenye freti ya 10 ya uzi wa E. Hapo ni D, ndiyo la yetu. Bila kuuhamisha mkono, kidole kidogo kinafika freti ya 13 ya uzi uleule, na hiyo ni do. Kwenye uzi wa A zimepangana freti ya 10, 11 na 12, yaani re, sauti iliyopotea, na mi. Kwenye uzi wa D ni ya 10 na ya 12, yaani so na la ya juu. Huo ndio mchoro kamili wa karatasi tuliyoanza nayo, na rifu ya Bruce haitoki nje yake hata mara moja. Ndani ya mizunguko yake mifupi inagusa sauti zote sita.

Lakini angalia inavyozigusa. Haianzii chini kama karatasi inavyofundisha. Inaanzia juu, inayumba kidogo kwenye so, inarudi, kisha inashuka kwa kupita zile freti tatu zilizopakana za uzi wa A, moja baada ya nyingine, mpaka inaangukia kwenye mzizi, yaani la ya chini, inachungulia do na kurudi nyumbani. Sauti iliyopotea iko katikati ya ule mteremko. Inapitiwa, haikaliwi. Jaribu kusimama juu yake, uiache ivume kwa mapigo mawili, na wimbo mzima utaonekana umevunjika goti. Hapa ndipo karatasi inapomdanganya mwanafunzi. Vidoti vyake vyote ni vyeusi na vyote vina ukubwa mmoja, kana kwamba sauti sita zina cheo kimoja. Katika rifu, mzizi ni nyumba, do na mi ni majirani, re na so ni njia, na sauti iliyopotea ni kizingiti: unakivuka, hukitandikii mkeka. Hakuna zoezi la kupanda na kushuka litakalomfundisha mtu hilo, na mpiga besi aliyeishika rifu hii moja amelijua bila kuambiwa.

Linganisha na "Smoke on the Water" ya Deep Purple, iliyotoka mwaka 1972 na ambayo, kwa maoni yangu, inadharauliwa na wapigaji wengi kwa sababu tu kila anayeanza huikimbilia. Ilizaliwa Montreux, Uswisi, baada ya kasino ya huko kuungua Desemba 1971 wakati Frank Zappa akiwa jukwaani. Ukiipiga kwenye besi, G ikiwa mzizi kwenye freti ya 3, haihitaji sauti sita; inatosheka na la, do, re na ile iliyopotea. Ila safari hii sauti iliyopotea haipitiwi kwa kushuka. Rifu inapanda sauti tatu na kutulia kwenye re. Mara ya pili inapanda tena, inapitiliza kwa nusu toni, inagonga sauti iliyopotea kwa nguvu, na kurudi nyuma kwenye re kama mtu aliyefungua mlango akakuta si chumba chake. Sauti ileile, kazi mbili tofauti: katika wimbo wa Cream ni mteremko, katika wimbo wa Deep Purple ni kikwazo. Mwenye rifu hizi mbili vidoleni ana sentensi mbili kamili za lugha ya bluzi. Mwenye skeli tu ana alfabeti.

Kuna faida nyingine iliyofichwa ndani ya wimbo wa Cream. Baada ya kurudiwa mara kadhaa, rifu inahamia kwenye kodi ya nne (kodi ya muziki, si ile ya TRA), yaani kutoka D kwenda G. Mpiga besi afanye nini? Kwa kuwa kila uzi uko freti tano juu ya uliotangulia, hahitaji kuhamisha mkono kabisa. Anaipiga rifu ileile kwenye freti zilezile, ila nyuzi zimesogea moja: badala ya E, A na D, sasa ni A, D na G. Kisha anarudi. Huo ndio msingi wa bluzi ya vipimo 12, ambayo Cream waliinyoosha ikawa 24: nyumbani, kwenda kwa jirani wa nne, kurudi, kwenda kwa wa tano, kurudi tena. Kijana akiupiga wimbo huo mwanzo hadi mwisho ameshalishika umbo ambalo maelfu ya nyimbo za bluzi na roki zinalitumia, na amelishika kwa mguu unaogonga sakafu. Somo hilohilo likifundishwa kwa nadharia hugeuka kuwa namba za Kirumi ubaoni, na hapo ndipo wengi huanza kutazama saa.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni kwamba njia hii hutengeneza kasuku. Mtu atajua rifu 40 za watu wengine na hatakuwa na neno lake mwenyewe, ilhali skeli ingempa malighafi ya kutunga. Siwezi kulipuuza, maana kasuku hao wapo. Wanajulikana kwa kupiga mwanzo wa kila wimbo na kutoujua mwisho wa hata mmoja. Lakini kosa liko kwenye kuishia njiani, haliko kwenye pa kuanzia. Fikiria watunzi wetu wa tenzi na mashairi. Hakuna aliyeanza kwa kuhesabu mizani minane kwa vidole na baadaye ndipo akasikia utenzi. Walisikia tenzi zikighaniwa tangu utotoni, wakazishika kwa moyo, na siku mwalimu alipowatajia mizani na vina waligundua kuwa wamekuwa wakivitii muda mrefu. Malenga aliyekariri tenzi tatu akiteleza mizani moja anaumia sikioni kabla hajahesabu. Kukariri hakukumfanya kasuku, kulimpa kipimo. Rifu hufanya kazi hiyohiyo, kwa sharti kwamba mpigaji azivunje. Aichukue rifu ya Bruce aianzishe kwenye A badala ya D. Aondoe noti moja asikie kinachopungua. Abadilishe mwisho wake. Kama noti aliyoiweka inakwaruza, hapo swali la kwa nini linakuwa lake mwenyewe, na karatasi ya skeli, ikiletwa saa hiyo, inasomwa kwa njaa.

Ndiyo, iletwe. Sisemi skeli itupwe. Mpiga besi atafika kwenye bendi aambiwe wimbo uko kwenye F, na mwenye rifu bila ramani atabaki akitafuta freti gizani wakati wenzake wamekwisha kuanza. Ramani ina siku yake. Naipinga tu tabia ya kumpa mtu ramani ya mji ambao hajawahi kukanyaga hata mtaa wake mmoja.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili kabisa: rifu nyingi maarufu hazitii skeli ya bluzi, kwa hiyo kuziunganisha na skeli hiyo ni kumpotosha mwanafunzi. Ni kweli, na kwangu huo ni ushahidi zaidi. "Money" ya Pink Floyd, ya mwaka 1973, imejengwa na Roger Waters juu ya la, do, mi na so pekee. Sauti iliyopotea haimo, na badala yake ugeni wa rifu hiyo unatoka kwenye mapigo, ambayo ni saba kwa kila mzunguko badala ya manne tuliyozoea. "Day Tripper" ya Beatles, ya mwaka 1965, inakwenda mbali zaidi. Ukiichukua E kama la, rifu hiyo inagusa do, na papo hapo inapanda nusu toni kwenye sauti ambayo karatasi haina kabisa. Baadaye inaingiza ti, ambayo nayo tulikwisha kuifukuza. Kwa sheria ya karatasi, ni kosa mara mbili. Kwa sikio, ni bluzi tupu, kwa sababu kule kuteleza kutoka ya tatu ndogo kwenda ya tatu kubwa ndicho hasa kisu cha Tutwiler kilichokuwa kikifanya. Mwanafunzi aliyeanza na skeli akikutana na "Day Tripper" anadhani Beatles wamekosea au yeye hakuelewa. Aliyeanza na rifu anasikia ndugu wawili wa nyumba moja.

Kuna hila ndogo hapa inayomhusu mpiga besi peke yake. Katika "Smoke on the Water", rifu ni ya gitaa la Ritchie Blackmore. Roger Glover kwenye besi, anapoingia, hafuati kupanda na kushuka kule. Anaushikilia mzizi, anaupigapiga bila kuchoka chini ya kelele yote, na wimbo unapata miguu. Anayejifunza rifu hiyo kwenye besi amejifunza kitu chenye manufaa, ila ajue kwamba jukwaani kazi yake huenda ikawa kusimama G tu dakika nzima, na kwamba kusimama huko si adhabu.

Hilo linanipeleka kwenye upungufu mkubwa kuliko yote wa skeli: haina saa. Inasema sauti zipi, haisemi lini, wala kwa muda gani, wala lini unyamaze. Rifu haiwezi kutenganishwa na wakati wake. Mfano safi ni "Another One Bites the Dust" ya Queen, ya mwaka 1980, kundi ambalo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar Septemba 1946. Rifu yake ilitungwa na mpiga besi John Deacon, na mwili wake unasimama juu ya sauti tatu tu: la, do na re. Nusu ya skeli imebaki sandukuni. Mpe mtu sauti hizo tatu kwenye karatasi, umwambie atunge kitu, na uwezekano wa kupata alichokipata Deacon ni mdogo, kwa sababu siri iko kwenye mapengo: noti inakatwa ghafla, kimya kinaingia, mguu wa msikilizaji unajaza pale palipoachwa wazi. Kuikata noti ni ufundi wa mkono. Kidole cha kushoto kinalegea bila kuuacha uzi, kile cha kulia kinarudi kuulalia, na sauti inakufa pale pale. Anayekimbiza vidoti vya skeli huwa hafiki kwenye ufundi huu, maana kila noti kwake ni daraja la kwenda kwenye inayofuata.

Wapo watakaosema sikio ni njia ndefu, na mitandaoni kuna michoro ya kila rifu duniani, freti kwa freti. Mchoro wa namna hiyo ni msaada mzuri wa kusahihisha, na ni mwalimu dhaifu wa kuanzia, kwa sababu ileile: unaonyesha mahali na hauonyeshi uzito. Mwenye haraka atakwenda kasi zaidi akipita njia inayoonekana ndefu. Ausikilize wimbo mpaka aweze kuiimba rifu bila gitaa, hata kama sauti yake ni ya chura. Kisha atafute noti ya kwanza tu, kwenye uzi mmoja, na aiendee inayofuata kwa kujiuliza kama imepanda au imeshuka. Tatizo la kweli, na hili halitajwi vya kutosha, ni simu. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa sawasawa sauti ya mitikisiko 41 kwa sekunde. Sikio hukisia besi kutokana na sauti za juu zinazoandamana nayo, na anayeanza anakisia vibaya. Visikizio vya kuziba masikio, hata vya bei ya mtaani, hubadilisha kila kitu. Na programu nyingi za kutazamia video huweza kupunguza mwendo hadi robo tatu au nusu bila kushusha sauti, kwa hiyo freti unazozitafuta zinabaki palepale.

Linabaki swali ambalo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuliuliza. Roki inatuhusu nini, sisi tulio na rumba, taarabu na muziki wa dansi? Jibu la haraka linalopendwa ni kwamba bluzi ni ya Kiafrika, sauti zake tano ni zetu, basi tunarudi nyumbani. Ningependa liwe jepesi hivyo. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyejifunza kupiga amadinda, marimba ya Baganda, huko Uganda kabla ya kuandika kitabu chake kuhusu Afrika na bluzi mwaka 1999, anaielekeza mizizi ya bluzi hasa kwenye ukanda wa savana wa Afrika Magharibi. Amadinda nayo ina sauti tano, ila zimegawanywa karibu sawasawa ndani ya oktava, jambo ambalo skeli ya bluzi haifanyi. Muziki wa Wagogo, ule aliouzungusha duniani marehemu Hukwe Zawose kwa zeze na ilimba, una vipimo vyake ambavyo freti za besi haziwezi kuvifikia. Kuwa na sauti tano si cheti cha undugu. Na mpiga besi wa rumba ajihadhari: chini ya wimbo wa do kuu, kodi zikizunguka kwa upole, sauti iliyopotea ikiangushwa ovyo humfanya mwimbaji ageuze shingo. Skeli ya bluzi haihami na wewe kila uendako. Kinachohama ni sikio lililozoea kuuliza kama noti hii inatua au inapita, nalo lina kazi kwenye sebene sawa na kwenye roki.

Januari 4, 1969, Jimi Hendrix alikuwa mgeni katika kipindi cha mwimbaji Lulu kwenye televisheni ya BBC, kikirushwa moja kwa moja. Cream walikuwa wameagana na mashabiki wao wiki chache tu nyuma. Katikati ya "Hey Joe" Hendrix akasimama, akasema maneno machache, akaingia kwenye rifu ya "Sunshine of Your Love", ile ambayo Jack Bruce aliitunga baada ya kutoka kumsikiliza yeye. Bendi ikamfuata bila kusita, besi ikiwa chini kabisa, na muda wa kipindi ukaisha wakiwa bado wanapiga.